Noti za Kwenye Pindo

Kitendawili! Semeni “tega” basi, msininyamazie. Nilipoishonea kwenye pazia, haikuonekana. Nilipoifungia kwa namba ya siri, ikaonekana. Fikirini, huku nawasimulia.

Fundi cherehani mmoja alikuwa sebuleni kwake anafumua pindo la pazia, noti zinamdondokea mapajani. Miaka minne alizishona humo, moja moja. Mumewe alilivuta pazia hilo kila jioni kwa mkono wake mwenyewe, asihisi kitu. Mkono huohuo ulikwishamvunja fundi mbavu mara mbili.

Redio ilitangaza: ikifika Ijumaa, noti zote ni karatasi za kuwashia moto. Pesa ni moja tu, ya Benki Kuu, ndani ya simu.

Mume alikuwa mtu wa ofisini. Ukimwuliza kazi yake, atakujibu, “Macho tu. Nalipwa kwa macho.” Jana yake mezani fundi alimchokoza kama mzaha:

“Eti hiyo pesa mpya, mtu akinunua kitu, nani anaona?”

Mume akatafuna, akameza, akaomba chumvi.

Kule benki, binti wa dirishani alizikomba noti zote kwa kiganja kimoja, akamwingizia pesa kwenye simu.

“Ondoa shaka, mama. Namba ya siri unaijua wewe peke yako.”

“Hata mume wangu haoni?”

“Mume tena? Hata mkwe!”

Wakacheka. Hapohapo mlangoni fundi akanunua kwa simu tiketi ya basi la kwenda kwa dada yake, safari ya kutwa nzima. Kiti cha kumi na nne, dirishani.

Asubuhi mume aliondoka mapema kuliko siku zote, tai shingoni. “Leo kuna kazi,” akasema.

Fundi akaiacha simu chini ya mto, isije ikamchongea njiani. Mjanja, eti? Akabeba mkasi, sindano na nguo mbili, basi.

Kwenye kiti cha kumi na tatu mtu alikuwa amelala, kofia usoni.

“Samahani kaka, nipite.”

Akasogeza magoti. Mlango ukafungwa, basi likashika barabara kuu. Fundi akavuta pumzi ndefu, mbavu zisimuume.

Jirani yake akavua kofia, akainyoosha tai.

“Uliniuliza nani anaona, mke wangu,” akasema. “Mimi.”