Mkunga Kaa na Mzazi Aliyetoweka

Paliondokea mkunga, Kaa, ambaye hakuwahi kumpoteza mzazi. Siku moja akaitwa kwa Amiba, kiumbe wa seli moja. Amiba alinakili kwanza nyuzi zake za urithi, akazitenga pande mbili, kisha akagawanyika katikati. Kaa akaduwaa, bakuli la uji wa mzazi gandoni.

"Mzazi ni yupi?"

"Si mimi, bibi," wakajibu wote wawili.

"Na mtoto?"

"Huyo!" Kila mmoja akamwonyesha mwenziwe.

"Ole wangu, nimempoteza mzazi!"

"Umpoteze vipi, bibi, na kila mmoja wetu anazo nyuzi zote za mzazi huyo? Mbona hata kufikiri unakwenda upande?"

Kaa akawagawia uji, akaondoka asijue aseme hongera au pole.