Ufa wa Chini

Tangu kiharusi kilipomfunga ulimi, Ngoda alikuwa mtu wa kukalishwa barazani. Kutoka hapo alimtazama mnunuzi akiikagua pikapu yake ya dizeli. Mnunuzi aligusa injini, akaridhika kuikuta baridi, ishara kwamba haikupashwa moto makusudi kabla hajafika. Akaiwasha, akautazama moshi, akapima oili. Chini hakuinama, na huko ndiko chasisi, fremu inayobeba gari zima, ilikokuwa na ufa, ufa ambao Ngoda aliugundua siku ileile aliyoanguka.

"Injini nzima kabisa, mama," mnunuzi alimwambia mke wa Ngoda.

Ngoda alijikakamua aseme. Ikatoka sauti ya kukoroma tu.

"Anaililia gari yake," mkewe alisema, akimfuta machozi kwa pindo la khanga.

Mnunuzi akalipa, akampa Ngoda pole, akawapandisha nyuma watoto wake aliokuja nao. Pikapu ikashika njia ya mlimani, watoto wakimpungia mkono.