Safari ya Kuhuisha Ndoa

Siku hizo ndoa iliyotimiza miaka thelathini ilifika ukomo, na ilihuishwa baharini tu. Mwanakheri alitaka meli za Lulu, ambako ndoa zote huhuishwa kwa pamoja mara nanga ing'olewapo. Mumewe Athmani alishikilia Marijani, ambako kila mmoja huulizwa peke yake, na asiyetaka tena hushushwa bandari nyingine.

"Umenichoka, Baba Zuhura?"

"Nikuchoke, nani atanigombeza nikikoroma?" Athmani akacheka, akamshika mkono. "Mara ya kwanza alikujibia baba yako. Safari hii nataka uulizwe mwenyewe."

Machozi yakamlenga Mwanakheri, akakubali Marijani. Akaanza kukunja kanzu za mumewe, taratibu, kwa mapenzi yote, kisha akazitia kwenye sanduku la Athmani peke yake; nguo zake mwenyewe akazitia kwenye sanduku jingine.