Mlango wa Chuma

"Mbona mlango wenu unagoma kila mchana, una jini?" jirani aliwahi kumuuliza Mwanakheri. Hauna jini. Fundi aliupima msimu wa baridi, hakuacha nafasi. Jua likiwaka chuma kinavimba na kukaba fremu.

Leo umemfungia ndani, na furushi lake la nguo liko tayari. Mumewe, Shaali, yuko nje.

"Umwagie maji, Shaali, nitoke."

"Subiri alasiri, mke wangu. Chuma kitanywea chenyewe."

"Umeoa kimyakimya, mimi nikasikia kisimani. Nimechoka kusubiri."

Shaali akaenda kuchota. Kisha maji yakapiga chuma, ndoo ya kwanza, ya pili, yakapenya chini yakiwa vuguvugu hadi miguuni pa Mwanakheri. Mlango ukalegea.

Mwanakheri akasema Bismillahi, akajitwika furushi, akampita mumewe na ndoo yake tupu, asiongeze neno.