Siku ya Kusugua Kutu

Mulu aliichomoa laini ya simu, akaitumbukiza chooni, akanawa uso kwa maji ya ndoo. Alipotoka uani, uso wake ulikuwa mkavu.

Baba yake, Ato Zewdu kama mtaa ulivyomwita kwa heshima, alikuwa ameshaiburuta taipureta yake kutoka stoo. Ilikaa juu ya gunia katikati ya ua, nyekundu kwa kutu, utando wa buibui umezifunga herufi. Kwa mashine hiyo alikuwa akiwaandikia watu maombi na mashtaka yao nje ya mahakama ya mji wa Dessie, Ethiopia, mpaka kompyuta zilipokuja zikamrudisha nyumbani.

"Leo tunaifufua," alimwambia binti yake. "Wewe na mimi. Huendi popote."

Mulu alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mzee mwenye kazi mkononi haulizi habari.

Habari yenyewe ilikuwa hii: Tesfu, kaka yake Mulu, amefariki usiku kule Johannesburg. Rafiki yake ndiye aliyempigia Mulu. "Wazee wa idir yenu wameshajua," alisema. "Watafika kesho alfajiri. Mpaka hapo, funga mdomo."

Hakuhitaji kuambiwa. Dessie msiba hausemwi kwa simu, wala na mtu mmoja. Wazee wa idir, chama cha kuzikana cha mtaa, huja alfajiri pamoja. Mwenye msiba huketishwa, nao humwambia wakiwa wamesimama, mikono tayari kumdaka. Na moyo wa Ato Zewdu ulikuwa mbovu, daktari alishaonya. Habari ikimfikia vibaya, Mulu angezika wawili.

"Simu yako iko wapi, Baba?" aliuliza.

"Nimeizima tangu usiku. Kelele tupu."

Wakaanza kusugua. Waliimwagia mashine mafuta ya taa, wakangoja kutu ilainike, wakaikwangua kwa brashi ya waya. Mulu alipewa mswaki wa kusafishia herufi, moja moja, na herufi za Kiamhari si chache.

"Unambembeleza nani hapo?" baba alifoka. "Sugua! Hiyo ni kutu, si shavu la mchumba."

"Mchumba gani, Baba? Si wote umewafukuza?"

"Walikimbia wenyewe. Miguu ilikuwa yao."

Mulu alicheka.

Mafuta yalipokwisha alisimama haraka. Alitaka kupita kwa majirani, awaonye wasije wakaropoka. "Nikimbie dukani?"

"Kaa. Tutatumia ya kupikia."

"Yatanata."

"Yanate."

Akakaa. Muda si mrefu lango likalia. Akaingia Mama Emebet wa nyumba ya pili, kapu la mikate ya injera mkononi, macho yamevimba. Mulu aliinuka. Lakini kabla jirani hajafungua kinywa, Ato Zewdu alimnyooshea bisibisi.

"Emebet, kama ni vitunguu vinavyokuliza, kalie jikoni kwako. Hapa watu wana kazi."

Mama Emebet aliweka kapu chini. Alimtazama Mulu, akamtazama tena, akaondoka bila hata kuuliza wameamkaje. Mulu alishusha pumzi. Kumbe ukali wa mzee nao una siku yake.

Waliendelea kusugua. Mulu aliogopa kunyamaza kungemsaliti, akalazimisha maneno. "Tesfu akija Pasaka ataikuta mpya."

Bisibisi iliteleza, ikamchana baba kidole gumba.

"Uzee," alisema, akinyonya damu. Kisha, bila kuinua kichwa, "Mlizungumza lini?"

"Juzi."

"Alisemaje?"

"Anakusalimia. Anasema uvae soksi, baridi imeanza."

Ato Zewdu aliinamia mashine, akapuliza vumbi. Akapuliza tena, ingawa pale hapakuwa na vumbi lolote.

Jioni vyuma vya herufi vilikuwa vikiinuka na kurudi bila kukwama. Gari la kubebea karatasi liliteleza kwenye reli zake. Ilibaki kengele tu, ile inayolia mstari unapofika mwisho.

"Hiyo kesho," alisema baba. Alikata kipande kikubwa cha injera, akakisukuma upande wa Mulu wa sinia. "Kula. Kesho siku ni ndefu."

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshiba harufu ya mafuta."

Alfajiri Mulu alikuwa wa kwanza kuamka, au ndivyo alivyodhani. Alikuta taa ya sebuleni inawaka. Baba yake, amejifunika gabi yake, shuka nzito nyeupe, alikuwa ameinama juu ya mashine akifunga skrubu ya mwisho. Mulu alifagia. Alisogeza kiti chenye mikono karibu na ukuta, akaweka gilasi ya maji kando yake. Vidonge vya moyo vya baba alishavitia mfukoni.

Ato Zewdu alilisukuma gari la mashine hadi mwisho. Kengele ikalia, safi, kama haikuwahi kuonja kutu.

Lango likagongwa.

Wazee wa idir waliingia kimya, wote na shuka nyeupe, wakajipanga mlangoni. Hakuna aliyeketi. Ato Wolde, mwenyekiti wao, alivua kofia.

Mulu alikishika kiti kwa mikono miwili. "Baba," alisema, na sauti ikamvunjikia, "njoo ukae."

Ato Zewdu aliweka bisibisi chini. Alifuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja. Akavuka sebule taratibu, akakipita kiti, akaenda kusimama katika mstari wa wazee, bega kwa bega na Ato Wolde. Kisha akageuka, akamnyooshea binti yake mikono, tayari kumdaka.

"Kaa wewe, Mulu," alisema. "Kaa, mwanangu."