Koti la Koplo Maregesi

Fundi Shekue alikuwa anawashonea wanajeshi sare za gwaride nyumbani kwake, maana zile za kugawiwa kambini, we acha tu, mtu anaonekana kavaa gunia. Siku hiyo kaja Koplo Maregesi, karudi vitani juzijuzi. Fundi akampitishia futi kifuani, akatazama, akapima tena. Akafungua daftari lake la vipimo vya zamani.

"Afande, umepungua inchi sita! Hata mbuzi wa kiangazi ana nafuu."

Koplo akacheka kidogo. "Nishonee kwa kipimo kile cha zamani, mzee."

"Si litakuwa linatembea koti, wewe umo ndani kama mpangaji?"

"Mama anakuja kwenye gwaride. Barua zote nimemwambia nakula vizuri, siumwi. Naye ana presha, mzee. Akiniona hivi, sijui."

"Na uso je?"

"Nitashusha kofia."

Fundi akakata kitambaa kwa kipimo kile kile cha zamani. Kisha akatoa sponji, akaipanga kifuani, mabegani, mpaka mgongoni, akaishonea bitana polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Gwaride lilipokwisha, fundi alikuwa kasimama nyuma ya uzio. Koplo alikuwa kajaa vizuri, vifungo vinang'aa. Mama yake akaja mbio, kanga inamdondoka, akamkumbatia. Mikono ya mama ikazama kwenye lile koti, ikazidi kuzama, na bado ilikuwa inaendelea kumtafuta mwanawe.