Sidii ya Shamba la Ulezi

Ottilia alikata uzi wa katani kwa meno, akafuta mavi ya ndege kwenye sidii kwa upindo wa kanga, kisha akaiingiza kwenye kompyuta ya chama cha kahawa.

"Hiyo si ya kufukuzia ndege?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, baba. Nimeitoa kwenye ulezi wangu."

Orodha ya kahawa ya kijiji cha Mapera ilitakiwa kufika mnadani kabla ya saa sita mchana, na kompyuta ilikuwa haitumi kitu. Fundi wa Songea alisema kwenye simu kwamba kadi ya mtandao imekufa, angekuja kesho na nyingine.

Ottilia, karani wa chama, hakukubali. Kwenye kioo cha kompyuta, hesabu ya data zinazoingia ilikuwa inapanda. Ya zinazotoka ilibaki sifuri. Mfu hapokei. Tena juzi fundi huyohuyo alikuwa ameweka programu mpya ya kuiendesha kadi. Ile ya zamani ilikuwa kwenye sidii, na sidii za ofisi, zikishachakaa, watu wa chama huzitundika mashambani.

Sidii ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Programu ya zamani ikaingia.

Ottilia alibonyeza kutuma. Ile sifuri ikawa tatu. Ikawa arobaini. Ikaendelea kupanda.

Simu ya mwenyekiti ikaita. Fundi alitaka kujua kama aanze safari alfajiri.

Mwenyekiti aliitazama miguu ya karani wake, yenye udongo mbichi wa shambani hadi vifundoni.

"Usijisumbue," alisema. "Fundi tunaye."